Jicho Lililofagiwa

Kabla ya kueleza lililotokea, ni lazima nieleze hali ilivyokuwa, kwa sababu bila hali hiyo kosa lenyewe litasomeka kama uzembe wa mtu mmoja, na halikuwa hivyo. Lilikuwa kosa la watu makini, kila mmoja akitimiza wajibu wake kadiri alivyoujua.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, aliishi katika kijiji kilicho ukingoni mwa mbuga ya Bahi. Miaka ya mvua nyingi mbuga hiyo hujaa maji, watu wakalima mpunga na kuvua kambare. Miaka ya ukame hubaki udongo uliopasuka, ng'ombe, na vumbi linaloingia hata ndani ya vyungu vilivyofunikwa. Katika utoto wake, ndoo ya maji iliyofika nyumbani ilikuwa na ratiba yake: kwanza kunywa, kisha kupika, kisha ndama. Uso wa mtoto haukuwamo katika ratiba hiyo. Inzi walitoka kwa ng'ombe wakatua kwenye macho ya watoto, wakatoka kwa mtoto mmoja wakatua kwa mwingine, na ugonjwa wa vikope ukasafiri nao.

Vikope havipofushi kwa haraka. Mtoto huumwa, hupona, huumwa tena, na kila mara upande wa ndani wa kifuniko cha jicho hubaki na kovu. Miaka mingi baadaye makovu hayo hujikunja kama ngozi mbichi iliyoachwa juani bila kuwambwa, yakauvuta ukingo wa kifuniko kuelekea ndani, na kope zilizoumbwa kulikinga jicho zikaanza kulikwaruza. Kila kupepesa ni mkwaruzo mmoja. Watoto wa leo katika vijiji vile hupewa vidonge, bomba liko karibu zaidi, na wengi wao hawatayajua haya. Wazee bado wanaubeba utoto wao machoni.

Kwa hiyo wanawake wa rika la shangazi walikuwa na kibano. Kilikuwa kitu kidogo, urefu wa kidole, kilichokunjwa na fundi kutokana na kipande cha bati, kikafungwa uzi na kuvaliwa shingoni pamoja na ufunguo wa sanduku. Kwa kibano hicho waling'oa kope zilizogeuka. Hawakutumia kioo, ukope unaochoma huonyesha wenyewe mahali ulipo. Mwanamke alikaa kivulini, akavuta kifuniko kwa kidole cha shahada, akapeleka kibano kwa mkono wa pili, akang'oa, akaupangusa ukope kwenye khanga magotini, akaendelea na mazungumzo yake. Kitendo hicho nyumbani kwetu kiliitwa kufagia. Hakuna aliyekiita tiba. Kilikuwa katika daraja moja na kupiga mswaki au kukata kucha, na mtu aliyekwenda kanisani au msibani bila kufagia alihesabiwa kuwa ametoka bila kunawa.

Nilikua nikikiona kitendo hicho kila siku, na nadhani ndiyo sababu nilikoma kukiona.

Jicho la kushoto la shangazi lilikuwa limekwisha kupotea kabla sijamaliza shule. Lilikuwa jeupe, naye alilitaja kama mtu anavyomtaja ndugu aliyehamia mbali. Lililobaki lilikuwa la kulia. Kwa jicho hilo alipika, alitembea, alitambua watu, na alichambua mbegu: kila mwaka kabla ya mvua majirani walimletea mtama na uwele wao, naye aliondoa punje zilizotobolewa na zilizobadilika rangi. Aliishi katika nyumba yake mwenyewe, na mkwe wake, mjane wa mwanawe, alikuwa na nyumba hatua chache kutoka hapo.

Mimi niliishi Msalato, karibu na mjini. Nilisomeshwa lugha za kale seminarini, na kazi yangu hadi leo ni kulinganisha nakala za maandishi, kuonyesha mahali zinapotofautiana, na kuwafundisha wanafunzi kazi hiyo. Macho yangu hupimwa kila mwaka. Nilizijua taratibu za kupimwa: kwenda na miwani ya zamani, kuorodhesha dawa mtu anazotumia, kuwa na msindikizaji kwa kuwa matone ya kupanua mboni huacha ukungu kwa saa kadhaa. Kwa ujuzi huo nilijiona nafaa kumwandaa mtu mwingine.

Hali ilikuwa hiyo.

Mwaka huo, kiangazi kikielekea mwisho, mkwe wa shangazi alinipigia simu. Gari la matangazo lilikuwa limepita kijijini: wataalamu wa macho wa huduma ya mkoba, ile inayowafuata wagonjwa vijijini, wangekuwa kituo cha afya kwa siku tatu, na wenye kope zilizogeuka wangefanyiwa upasuaji papo hapo.

“Amesema haendi,” mkwe alisema. “Amesema hilo jicho moja si la kuazimisha.”

“Mpe simu.”

“Nakusikia,” shangazi alisema kabla sijamwamkia.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba. Wewe ulipimwa ukapewa miwani. Ukapimwa tena ukapewa miwani minene zaidi. Sasa unanialika na mimi.”

Nilimweleza kwamba upasuaji wa kope haugusi jicho lenyewe. Kifuniko huchanjwa kwa ndani na ukingo wake kugeuzwa, ili kope zitazame nje. Nilimweleza pia, kwa kuwa sikuona sababu ya kumficha, kwamba jicho la kushoto lilipotea kwa njia hiyohiyo, na kwamba la kulia lilikuwa njiani kulifuata.

Kisha akauliza, “Watu wanaokwenda kupimwa hujiandaaje?”

Nilisema nitamwandikia.

Niliandika nusu ukurasa na kumtumia mkwe kwa simu. Anawe uso kwa maji safi na sabuni. Asipake wanja, samli, wala dawa ya majani. Ale kwanza. Achukue chupa ya dawa ya shinikizo la damu, asiitaje kwa rangi ya vidonge. Ajibu kila swali kama lilivyoulizwa, bila kuongeza wala kupunguza. Sentensi hiyo ya mwisho niliipenda kuliko nyingine. Mkwe alimsomea ukurasa ule mara mbili, na shangazi, ambaye hakuwahi kwenda shule, aliushika wote.

Siku ya tatu ya huduma nilipanda basi la kwanza kwenda Bahi. Nilimkuta shangazi amevaa gauni lake la sikukuu. Jicho lake lilikuwa limetulia kuliko nilivyowahi kuliona: halikutoa machozi, halikuwa jekundu, na alinitazama moja kwa moja bila kuliziba kwa kiganja kama ilivyokuwa desturi yake. Nilidhani ni kazi ya maji na sabuni.

Upimaji ulifanyika barazani mwa kituo cha afya. Foleni ilianzia kwenye ngazi ikazunguka hadi nyuma ya jengo. Muuguzi wa macho, mwanamke mwenye umri wa binti zangu, alianza kwa kumwonyesha chati ya alama moja, herufi E, iliyogeuzwa pande mbalimbali, juu, chini, kushoto na kulia, ambayo mtu asiyejua kusoma huifuata kwa kuelekeza vidole.

“Hiyo meza miguu yake iko chini,” shangazi alisema.

“Nionyeshe kwa mkono, bibi.”

“Mkono umechoka kulima. Ile ya pili imeanguka, miguu iko huku kwa mwenyekiti wa kitongoji.”

Mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ameketi kwenye benchi upande wa kulia. Muuguzi alicheka, akaiandika. Shangazi alishuka mistari mingi kuliko nilivyotegemea.

Kisha muuguzi akavaa miwani ya kukuzia, akawasha tochi ndogo, akainua kifuniko cha jicho la kulia.

“Tazama juu, bibi. Sasa chini. Kope zinakuchoma?”

“Leo hazichomi.”

“Hazichomi kabisa?”

“Leo, mwanangu, hazichomi.”

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikaridhika na jibu hilo. Lilikuwa fupi, lilikuwa kweli, na lilikaa ndani ya mipaka ya swali.

Muuguzi aligeukia kwangu. “Baba, kwa ndani lipo kovu la zamani, lakini siuoni ukope unaogusa jicho. Kwa sasa hahitaji kisu. Nampa mafuta ya jicho, na azidi kunawa hivihivi.”

Aliandika kwenye kadi, akaita anayefuata. Mwanga wa pale barazani haukuwa mzuri na foleni ilikuwa ndefu, lakini aliloliona aliliandika kwa usahihi.

Nje, shangazi aliuliza, “Nimefaulu?”

“Umefaulu.”

“Nilijua,” alisema, akafunga kadi yake kwenye pindo la khanga.

Tulirudi kwa mkwe, ambaye alikuwa ametusongea ugali wa uwele kwa mlenda. Nilimweleza matokeo. Akaweka maji ya kunawa mbele yetu, akasema, “Afadhali. Kwa kazi aliyoifanya jana, wangemfelisha ningekwenda kugombana nao.”

“Kazi gani?”

“Kufagia. Alikaa pale tangu asubuhi hadi mbuzi wanarudi. Hata wale kope wachanga wanaochungulia tu, aliwafuata mmoja mmoja.”

“Wewe ungekwenda kwa mgeni ukiwa na uwanja mchafu?” shangazi alimwuliza.

Niliacha kula. Niliwaeleza, taratibu na kwa mpangilio, kwamba kilichotafutwa na muuguzi ndicho kilichoondolewa. Kwamba kope hizo zingeota tena zikiwa zimegeuka kama zilivyokuwa. Na kwamba wataalamu wangeondoka jioni hiyo.

Shangazi alisikiliza hadi mwisho. “Uliandika ninawe,” alisema. “Uliandika nisipake, nile, nibebe chupa, nijibu. Hukuandika nisifagie.”

“Sikuandika.”

“Basi.”

Hakulisema kwa kunilaumu. Alilisema kama mtu aliyeombwa kuthibitisha maandishi, akathibitisha.

Nilitembea kurudi kituo cha afya na kumkuta muuguzi akifunga masanduku. Nilimweleza. Alikaa kwenye ngazi.

“Nilipaswa kumwuliza kama anang'oa,” alisema. “Swali hilo huwa ni la kwanza. Leo nimeuliza la kuchoma tu, nikapita.”

“Unaweza kumwona tena sasa?”

“Nitaona nini, baba? Niliyemwona ni mtu aliyepona. Mpasuaji lazima aone ni kope zipi zimegeuka na ziko upande upi, ndipo ajue akate wapi na ageuze kiasi gani. Siwezi kumlaza mtu mezani kwa masimulizi.” Aliniuliza anang'oa tangu lini. Nilijibu kwamba tangu kabla sijazaliwa. “Basi aache. Wiki sita, pengine nane, zitakuwa zimeota vya kutosha. Mpeleke kliniki ya macho mjini.”

“Na jicho litakuwaje kwa wiki nane?”

“Hapo ndipo penye shida,” alisema. “Apake mafuta mara tatu kwa siku. Akisema anaona ukungu, usisubiri tarehe.”

Kesho yake nilikwenda kliniki ya mjini mwenyewe, nikauliza swali lilelile, nikapewa jibu lilelile na tarehe. Hoja yao niliielewa na sikuweza kuipinga. Kumwandaa shangazi kwa kipimo cha pili kulimaanisha kuliacha jicho lake la pekee likwaruzwe hadi ushahidi upatikane. Kutomwandaa kulimaanisha aendelee kufagia, na jicho liendelee kuharibika polepole, kama lile la kwanza.

Nilimwomba ahamie kwangu Msalato kwa kipindi hicho. Alifikiri kwa siku mbili. Tulipozungumza tena kwa simu, alisema, “Kwa hiyo safari hii natakiwa nifeli.”

“Ndiyo, shangazi.”

“Mtihani gani huo.”

Alikuja. Jioni ya kwanza alivua uzi shingoni, akafungua fundo, akabaki na ufunguo na kunikabidhi kibano. “Kichukue kabla sijabadili shauri.” Nilikiweka mezani kwangu, ndani ya droo, chini ya karatasi. Nilipotoka chumbani aliniambia kiko droo ya pili. Nilimwuliza amejuaje. Alisema ya kwanza hulia.

Kila asubuhi nilimketisha karibu na dirisha la mashariki. Nilitumia kikuzio kilekile ninachotumia kwa maandishi yaliyofifia, pamoja na tochi ya simu, nikaandika katika daftari nilichokiona na nisichokiona. Wiki mbili za kwanza niliandika neno moja tu: hakuna. Katika wiki ya tatu vilitokea vinundu vyeusi kwenye ukingo wa kifuniko, vidogo kuliko nukta. Shangazi alikuwa mbele yangu. Alinitangazia kila ukope kabla sijauona, naye alizungumza juu yao kama watu.

“Leo amefika wa pembeni,” alisema. “Huyu hana neno, ni mpole. Anayekuja nyuma yake ndiye mkorofi.”

Siku mbili baadaye nilimwona mkorofi. Alikuwa katikati kabisa, amenyooka kuelekea mboni.

Nilihitaji pia njia ya kujua kama jicho linapoteza nguvu, na chati ya kliniki sikuwa nayo. Nilichukua kiganja cha mtama mweupe, nikachanganya humo punje kumi nyeusi, nikaumwaga kwenye ungo. Kila asubuhi, kabla ya kupaka mafuta, alizitoa punje nyeusi. Alizitoa zote kumi bila kusita, na katika wiki hizo za mwanzo alitoa pia punje nyeupe alizodai kuwa hazina kiini. Nilipozipasua, hazikuwa nacho.

“Wanafunzi wako huwapa mtihani kila siku hivi?” aliuliza.

“Hapana.”

“Wanakukimbia. Mimi sina pa kukimbilia, nauli unayo wewe.”

Katika wiki ya tano utani ulipungua. Jicho lilikuwa jekundu tangu asubuhi hadi jioni, na chozi lilishuka lenyewe. Aliketi akiupa mgongo mwanga wa uwanjani, khanga ikiwa imefunika nusu ya uso. Hakulalamika. Nilipomwuliza maumivu yakoje, alisema, “Ni kope,” kana kwamba nimeuliza jina la kitu. Punje kumi bado alizitoa, lakini sasa alitumia muda mrefu na alizishika kwanza kwa ncha za vidole.

Alasiri moja nilitoka kazini nikamkuta anamenya karanga uwanjani, uso ukiwa wazi, akiimba kwa sauti ya chini. Nilisimama nikamtazama.

“Umefagia,” nilisema.

“Mmoja.”

“Kwa nini? Kwa kitu gani?”

“Kwa kucha.”

“Yupi?”

“Unajua ni yupi.”

“Shangazi, huyo ndiye hasa ambaye daktari anapaswa kumwona.”

“Wewe umelala naye usiku ngapi?” aliuliza, akaendelea kumenya.

Niliandika katika daftari: ukope wa katikati, umeng'olewa, kwa kucha. Kisha niliingia chumbani, nikafungua ile droo na kukitazama kibano. Kulikuwa na sababu nzuri za kumrudishia. Mwanamke mwenye umri ule alikuwa akiumizwa, kwa maelekezo yangu, kwa ajili ya kipimo ambacho angekuwa amekwisha kukimaliza kama nusu ukurasa wangu ungekuwa na mstari mmoja zaidi. Kulikuwa pia na sababu nzuri za kutomrudishia: wiki tano zingekuwa bure, na zingelazimika kuanza upya. Nilizipima sababu hizo kwa muda mrefu na sikuona upande uliozidi. Nilifunga droo kwa sababu tu kulikuwa kumebaki siku chache kuliko zilizopita.

Wiki ya sita, asubuhi ya Jumanne, alitoa punje tisa. Nilimwonyesha ya kumi, akasema ilijificha. Jumatano alitoa saba, akausukuma ungo kando.

“Mtama wako leo umevaa shuka,” alisema.

“Shuka ya namna gani?”

“Nyepesi. Kama moshi wa jikoni kwa jirani.”

Tarehe yetu ilikuwa wiki iliyofuata. Nilimwambia avae viatu.

Kliniki, karani wa mapokezi aliitazama kadi na kusema kwamba tumewahi. Nilisema kwamba mgonjwa ana jicho moja na tangu jana anaona ukungu. Aliinuka, akaingia ndani, na baada ya muda mfupi tuliitwa.

Daktari alimkalisha shangazi mbele ya mashine, kidevu kikiwa kwenye kiegemeo, akaanza kutazama. Alitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa na daftari mkononi nikisubiri kuulizwa.

“Hizi kope hazijang'olewa?”

“Isipokuwa mmoja,” shangazi alisema kabla sijafungua mdomo. “Wa katikati. Siku nane zilizopita. Kwa kucha.”

“Nimeona nafasi yake. Anaanza kurudi.” Alimdondoshea tone la rangi ya manjano, akabadili mwanga ukawa wa buluu, akaniita nitazame. Juu ya konea, yaani ile sehemu angavu inayofunika mboni, palikuwa na mistari myembamba iliyong'aa kijani, sambamba, kama uwanja uliopitishwa ufagio wa njukuti. Chini ya mboni mistari hiyo iliungana ikawa doa.

“Doa hilo ni la lini?” niliuliza.

“Ni jipya. Kama angechelewa hadi wiki ijayo lingekuwa kidonda.” Alizima mwanga. “Kope saba zinagusa, na nimeona pa kukata. Tunafanya leo. Bibi, una swali?”

“Nimefeli?” shangazi aliuliza.

Daktari alinitazama.

“Anauliza kama sasa anahitaji upasuaji,” nilisema.

“Anahitaji.”

“Basi nimefeli,” shangazi alisema, akashuka kwenye kiti kabla hajashikwa mkono.

Nilikaa kwenye korido. Mlango ulikuwa mwembamba na nilisikia sauti yake karibu muda wote. Alimwuliza daktari kwao ni wapi. Alipoambiwa ni Kondoa, alimwuliza kama huko nako wanafagia, na akaelezwa kwamba bibi yake daktari alikuwa na kibano cha shaba. Wakati wa sindano ya ganzi alinyamaza. Baada ya hapo nilisikia vyuma vikiwekwa kwenye sahani, na daktari akisema mara mbili, “Usikaze, bibi.”

Alitoka akiwa amefungwa bandeji kwenye jicho la kulia. Kwa kuwa la kushoto halikuona kitu, alikuwa kipofu kabisa hadi asubuhi iliyofuata. Nilimwongoza kwa kiwiko. Nyumbani nilimwekea sahani mapajani na kumtajia kilichomo. Alikula kidogo. Nilimwuliza kama anataka nimsomee kitu, alikataa. Baada ya muda alisema, bila kugeuza uso, “Ndivyo kulivyo, basi,” na sikuhitaji kuuliza anazungumzia wapi: ndiko lilikohamia jicho la kushoto.

Asubuhi bandeji ilifunguliwa kliniki. Kifuniko kilikuwa kimevimba, na kwenye ukingo wake zilionekana ncha tatu za nyuzi nyeusi. Muuguzi wa zamu alimwomba alifungue jicho taratibu. Alilifungua, akalifumba, akalifungua tena.

“Unaona nini, bibi?”

“Naona mtu aliyeinama. Ana hereni sikio moja.”

Muuguzi alishika sikio lake la pili. Hereni ilikuwa imedondoka, nasi tuliitafuta sakafuni hadi ikapatikana chini ya toroli.

Nyuzi zilitolewa siku ya kumi. Uvimbe ulitoweka, kope zikabaki zimetazama nje, na katika vipimo viwili vilivyofuata hakuna iliyogusa jicho. Mikwaruzo myembamba ilipona. Doa lililo chini ya mboni liligeuka kovu jeupe, dogo, la kudumu. Shangazi alirudi Bahi mwezi huohuo. Katika kipimo cha mwisho alishuka kwenye chati hadi mstari mmoja juu ya ule aliofikia kituo cha afya, na daktari alisema kwamba mstari uliopotea hautarudi, na kwamba iliyobaki atakaa nayo.